Kifungua Mlango

Kwa kuwa swahiba wangu tuliyekwenda naye Muheza ameshatawanya ujumbe wa sauti wa dakika nne katika makundi sogozi matatu, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi ninalia, ninamkumbatia bibi wa watu na kuisujudia pikapu, nimeona ni heri niyaandike mwenyewe yaliyotokea Jumapili kabla hayajaongezewa chumvi nyingine. Sikulia. Bibi nilimshika mkono tu, tena kwa heshima, na magoti niliyapiga kwa sababu ufunguo ulikuwa umeingia chini ya jamvi.

Mnaonifuata humu mnaijua pikapu yangu, ile dabo kebini ya kijivu ambayo niliwawekea picha zake mpaka mkanichoka. Msichokijua ni ufunguo wake. Umefungwa pamoja na rimoti ya alamu yenye vitufe vinne: cha kufunga milango, cha kufungua, cha kunyamazisha, na kile chenye alama ya honi ambacho mafundi hukiita kitufe cha dharura, ingawa dharura zote nilizozipata tangu niinunue gari hiyo zimeletwa na chenyewe. Vitufe ni vya mpira laini, vimechomoza kama chunusi, na havihitaji nguvu yoyote. Sarafu ya shilingi mia mbili ikijigeuza mfukoni inatosha kuamsha mtaa mzima. Katika miezi minne, pikapu imepiga kelele siku ya Ijumaa nikiwa kwenye sijda katika safu ya pili, imepiga kelele saa nane za usiku kwa sababu nililalia suruali, na siku moja, nikiwa kwa kinyozi nimefunikwa shuka hadi shingoni, ilijifungua na kujifunga mara saba mfululizo hata kinyozi akaamini kuna mwizi, akatoka nje na wembe akaniacha na nusu ya ndevu.

(Tafadhali asiniandikie mtu kwamba niwe ninaiweka rimoti mezani. Kila nilipoiweka mezani, niliisahau mezani.)

Nilijaribu kwanza kuitia kwenye kopo la peremende. Vitufe vilitulia, lakini mfuko ukawa unalia kama kayamba kila nilipopiga hatua, na mke wangu akaanza kuwatangazia watoto kwamba msafara wa ngoma umewadia. Nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nao ukabana mno, ukawa unabonyeza wenyewe. Hatimaye nilimwendea fundi wa umeme wa magari pale Tanga mjini, ambaye ninataka atendewe haki katika masimulizi haya kwa sababu alinishauri vyema. Alisema ganda la rimoti lifunguliwe kwa bisibisi ndogo, kisha kile kinundu cha mpira kilicho upande wa ndani wa kitufe cha honi, ambacho ndicho kinachoigusa swichi kwenye bodi, kikatwe kwa wembe; hapo kitufe kitabonyea siku nzima wala hakitafika popote. Ni kazi ya dakika kumi, na gharama yake ni shilingi elfu tano.

Nikaiona elfu tano ni nyingi.

Usiku ule ule nilikata pete ndogo kutoka kwenye mwili wa kalamu ya wino, nikaisimamisha kukizunguka kitufe cha honi mithili ya ukuta wa kisima, nikaigandisha kwa supaglu. Wazo lenyewe, nitalitetea mpaka kesho, lilikuwa zuri, kwa kuwa kitu bapa kikikandamiza rimoti kitaishia kwenye ukingo wa pete bila kukifikia kitufe. Tatizo lilikuwa gundi. Supaglu ni nyepesi kama maji na hupenya katika kila ufa, kwa hiyo iliteremka ubavuni mwa kitufe, ikakigandisha upande mmoja, na nyingine ikauziba mshono wa ganda zima. Nilipojaribu kukibonyeza kwa ncha ya kalamu, kilikataa. Nikamwonyesha mke wangu. Nililala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Jumapili ndiyo siku niliyopewa heshima ya kuwa mshenga. Tulikwenda wanaume watano tukiwa na kanzu, barua ya posa ndani ya kitambaa cheupe, na bahasha za desturi, yaani kifungua mlango, mkaja wa mama na kilemba cha baba, kila moja ikiwa imeandikwa jina lake kwa mwandiko wangu. Pikapu niliiegesha chini ya mwembe, hatua kama ishirini kutoka barazani, nikaifunga kwa rimoti mbele ya watoto wa pale ili waione ikipepesa taa. Tukakaribishwa jamvini. Nilikunja miguu, na ufunguo ukakaa katika mfuko wa kanzu, baina ya paja langu na sakafu ya saruji. Uzito wangu ni kilo 94. Kumbukeni takwimu hiyo.

Nilizungumza vizuri. Hata swahiba, kwa uadui wake wote, hajalikana hilo. Nilisalimu, nikasifu nasaba, nikasema tumeona ua katika bustani yao, na mzee wa upande wa binti akajibu kama inavyotakiwa kwamba wao masikio yao yapo, ila mlango bado umefungwa. Maana yake ni kwamba bahasha ya kwanza itoke. Nikajiinua kidogo kuitafuta bahasha, na papo hapo kule chini ya mwembe pikapu ikasema “kwii-kwii”, ikapepesa taa mara mbili, na vifungio vya milango minne vikaruka.

Mzee akaitazama gari. Akanitazama mimi.

“Bwana mshenga,” akasema, “mlango wenu naona umejifungua wenyewe. Wetu bado.”

Watu walicheka vizuri sana, na mimi nikacheka nao, na laiti ningeganda palepale nilipokuwa. Badala yake nilirudi kuketi kwa kishindo cha mtu aliyefurahishwa na mzaha. Nikasikia “tk”. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama kuvunjika kwa njiti ya kiberiti, na niliisikia zaidi pajani kuliko masikioni. Rimoti ilikuwa imesimama kwa ubavu, ufunguo wa chuma ukaingia ncha ndani ya ile pete yangu, na kitufe kilichogandia upande mmoja kikazama chote.

Wale wenye alamu za aina hii wanafahamu kwamba king'ora chake kina milio sita, nayo hupokezana. Ulianza ule mrefu wa gari la wagonjwa. Kuku waliondoka. Ukafuata ule wa kukatika-katika, na kitoto kilichokuwa kimelala mgongoni mwa mama yake kikaitikia kwa mlio wa saba. Mimi nilikuwa bado ninatabasamu, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari. Nikaupeleka mkono mfukoni, lakini mfuko nilikuwa nimeukalia. Nikajiinua upande mmoja, ufunguo ukachomoka, ukateleza chini ya jamvi, na hapo ndipo yalipopigwa yale magoti mnayosimuliwa. Nilipoupata nilikibonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kimya. Mzee akashusha pumzi, akafungua kinywa, akasema “Bismillahi”, na king'ora kikaanza upya kutoka mlio wa kwanza.

“Bonyeza!” akasema swahiba.

“Nimebonyeza!”

“Basi usibonyeze!”

Kufikia hapo jamvi zima lilikuwa limegeuka kuwa mafundi. Mmoja alishauri kitufe cha kufunga, mwingine cha kufungua, mjomba wa binti akashauri vyote kwa pamoja, na kitufe cha honi chenyewe, ambacho kilihitaji kuvutwa tu kirudi juu, kilikuwa kimelala chini kabisa ya kile kisima nilichokijenga kwa mikono yangu, ambamo hakiingii kidole cha binadamu aliyekwisha kubaleghe. Betri ningeweza kuitoa, lakini ganda lilikuwa limegandana kama jiwe. Pazia la mlango wa ndani likafunguka, na binti mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuonekana siku hiyo, akachungulia kutazama ni familia ya namna gani imemjia.

Ndipo akatoka bibi. Alikuja polepole, na watu wakampisha.

“Mjukuu wangu, hiki ndicho kinacholia?”

“Ndicho, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Kitie humu.”

Alikuwa amenionyesha kinu. Nilimshika mkono (mkono tu) nikaanza kumweleza habari za gharama ya rimoti, lakini mlio ulikuwa umefika wa nne na sauti yangu haikusikika. Nikautenga ufunguo, nikaitumbukiza rimoti. Bibi alitwanga mara tatu, bila hasira, kama atwangaye kisamvu. Betri ndogo ya volti 12 ikaruka, ikabingirika hadi miguuni pa mzee. King'ora kiliendelea kama nusu dakika kumaliza kile kilichokuwa kimetumwa, kisha kikanyamaza, na bibi akarudi jikoni na mchi wake begani.

Yaliyobaki ni mafupi. Barua ilipokelewa, bahasha zikapokelewa, wali tukala. Wakati wa kuondoka nilifungua mlango kwa ufunguo wa kawaida, na kwa kuwa pikapu ilikuwa imeshajifunga yenyewe na alamu ikiwa macho, ililia tena na injini ikakataa kuwaka. Fundi wa Muheza alifika magharibi, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaikuta swichi ya siri ambayo ingemaliza mambo yote tangu asubuhi lau ningalijua iko wapi, akachukua elfu arobaini. Wenzangu walikwisha kutangulia kwa basi, na swahiba alirekodi ujumbe wake akiwa njiani.

Jana majibu ya barua yamekuja. Wamekubali posa, mahari wameitaja na si ya kutisha, na chini kabisa, kwa mwandiko mwingine uliotetemeka kidogo, imeongezwa kwamba siku ya kuileta bwana mshenga anakaribishwa sana, ila aje kwa basi.