Mwalimu wa Muziki: Mwenye Shahada au Fundi wa Ala?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 nchini Kenya waliingia Sekondari Pevu, na mmoja wa mikondo mitatu waliyowekewa ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Muziki umo humo. Shule inayotaka kuufundisha yahitaji mwalimu, na hapo ubishi unaanza: achukuliwe mwenye shahada ya ualimu, au fundi wa ala?

Sheria imeshachagua. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 haimruhusu mtu ambaye hajasajiliwa kufundisha, hata akiajiriwa na bodi ya shule. Mzee aliyepiga obokano, ala ya nyuzi ya Wagusii, kule Kisii tangu utotoni, bila cheti cha ualimu, hana pa kupitia.

Hasara hiyo ni kubwa na inaniuma. Mtazame mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ameketi chini, vidole vinacharaza nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ala, na huku anaimba. Hilo hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayelijua, miezi na miezi. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na wanaoijua vizuri wanazidi kuzeeka. Isitoshe, kwa miaka mingi usaili wa TSC umekuwa ukimpa alama zaidi aliyehitimu zamani. Kwa waliosota bila kazi, huo ni uungwana. Lakini mpigaji aliyekaa miaka minane bila ala vidole vyake vimekakamaa, na karatasi za usaili hazitalionyesha hilo.

Hata hivyo, nikiwa kwenye bodi ya shule, kura yangu ningempa mwalimu aliyesajiliwa.

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ambao wa mwisho utafanywa 2027, una karatasi ya vitendo, ya kusikiliza, na ya nadharia na historia. Fundi aliyejifunza kwa sikio hupiga vizuri ajabu, ila mara nyingi hawezi kumweleza mtoto mmoja kati ya arobaini darasani amekosea wapi. Hilo lingeweza kurekebishwa kwa mafunzo. Linalonizuia hasa ni usalama wa watoto. Mwalimu wa muziki hubaki na wanafunzi jioni kwa mazoezi, husafiri nao, hukaa nao ugenini wakati wa mashindano. Mwalimu aliyesajiliwa akimdhuru mtoto, TSC yaweza kulifuta jina lake, na shule nyingine ikiuliza itajua. Asiyekuwa kwenye sajili hana jina la kufutwa. Anahamia shule ya jirani tu.

Ndiyo maana sipendi desturi iliyozoeleka ya kumleta mkufunzi wa msimu. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na limeibua vipaji vingi. Lakini shule inayomlipa mtu kuinoa kwaya kwa muhula mmoja, ikapata kombe, kisha ikakaa bila somo la muziki mwaka mzima, imenunua kombe.

Usaili nao ubadilike. Mwombaji apewe ala aipige, kisha akabidhiwe darasa kwa dakika arobaini, awafundishe wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Fundi aalikwe mara mbili kwa wiki, alipwe kwa kila kipindi kwa mapatano ya maandishi, na mwalimu awe papo hapo chumbani, si ofisini akisahihisha madaftari.

Pesa zikitosha mmoja tu, nitamchukua mwalimu, hata kama vidole vyake ni vizito. Ila nitamuuliza kwanza kama yuko tayari kuketi sakafuni kando ya yule mzee, pamoja na wanafunzi wake, aanze na uzi wa kwanza.