Mahiwa: Ushindi wa Kumaliza Risasi

Kila Oktoba ujumbe ni ule ule: "Mahiwa Mjerumani alimnyoosha Mwingereza." Na wanaousambaza wengi ni watu wa Lindi hii hii, wanaopita Nyangao, jirani na Mahiwa yenyewe, kila wakienda Masasi.

Haya, alimnyoosha. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aliingiza watu wapatao 4,900, akapoteza kama 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na 1,500, akapoteza zaidi ya 500. (Huyo "Mjerumani" mwenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na upande wa Mwingereza walikuwemo Wanaijeria. Hilo tuliache, litanipandisha presha.)

Sifa moja nampa, tena kwa shingo upande: alimsoma mtu. Jenerali Beves wa upande wa Mwingereza alishawahi kuwapandisha askari wake kilima cha Reata, jirani na Taveta, Machi 1916, kifua mbele. Lettow akabashiri kwamba Mahiwa atarudia, akajaza watu pale pale. Beves akarudia. Mteremko ule una adhabu yake: anayepanda anahema na kulenga hawezi, aliye handakini kaonyesha kofia tu. Na bombomu, yaani bunduki ya mashine, likikaa ubavuni badala ya katikati, risasi zinapita kando ya safu nzima. Anayemkosa wa kwanza anampata wa tatu.

Sasa piga hesabu ya bombomu hilo. Mkanda una risasi 250, na kwa mwendo wa risasi 500 kwa dakika unakwisha ndani ya nusu dakika. Siku nne! Nyingine zingetoka wapi? Meli ya mwisho kumletea shehena, Marie, ilishushia Sudi, pwani ya kusini, Machi 1916. Baada ya hapo haikupenya nyingine. Mahiwa ilimkausha risasi zisizo na moshi, akabaki zaidi na zile za bunduki za mwaka 1871: ukifyatua moja, wingu jeupe linakutaja ulipolala.

Ndiyo maana hakuwafukuza aliowashinda. Aligeuka akarudi nyuma, akafika Nambindinga akaacha mamia ya watu wake, maana risasi na dawa hazikutosha wote. Tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma, akawavamia Wareno pale Ngomano, upande wa Msumbiji, na kuwapora bunduki na risasi. Wiki tano na ushei tu baada ya "kumnyoosha" Mwingereza.