Wooden Heart ya Elvis: wimbo uliibwa kweli?

Kila ikitajwa Wooden Heart ya Elvis Presley hakosi mtu wa kusema Wamarekani waliwaibia Wajerumani. Na kweli melodi ni ileile ya Muss i denn, wimbo wa jadi wa Waswabia wa kusini magharibi mwa Ujerumani, kijana anamuaga mpenzi wake anaondoka mjini, anaahidi atarudi. Alafu ukiangalia watunzi unakuta Fred Wise, Ben Weisman, Kay Twomey na Bert Kaempfert, wanne wazima, Waswabia hawatajwi popote. Hapo wanaolalamika wana hoja, maana msikilizaji anabaki akijua melodi ilizaliwa 1960 kwenye filamu ya G.I. Blues.

Ila hilo la wizi mi nalikataa. Kaibiwa nani hasa? Friedrich Silcher, mtunzi wa Kijerumani, alichapisha Muss i denn mwaka 1827 akiwa ameukuta watu wanauimba, na ubeti wa jadi ni ule wa kwanza tu, mbili zilizofuata aliandika Heinrich Wagner. Kwa hiyo hata huo tunaouita wa asili ulishaongezewa, na hao hakuna anayewasakama. Kaempfert mwenyewe ni Mjerumani wa Hamburg. Elvis alikuwa jeshini Ujerumani 1958 mpaka 1960, na alipouimba hakuficha chochote, sikiliza pale katikati anaacha Kiingereza anaimba Kijerumani cha Waswabia, nyuma kodiani na tuba zinapiga kama bendi ya kijijini kwao. Anayetaka kufuta chimbuko la wimbo hafanyi hivyo jamani.

Na kuna hili la Joe Dowell ambalo watu hawaliongelei kabisa. Uingereza Elvis alikaa namba moja wiki 6 mwaka 1961, ila Marekani kampuni yake haikuitoa kama singo mwaka huo, basi Dowell, kijana ambaye hakuwa na jina lolote, akairekodi Nashville na Agosti ikafika namba moja. Yaani hata toleo la Elvis halikumzuia mwingine kuuimba. Wale wanne walichokuwa nacho ni maneno ya Kiingereza na mpangilio wao, basi. Melodi yenyewe imebaki ya wote, kwaya ya Stuttgart ikiimba Muss i denn leo haimlipi mtu hata senti, na mwanamuziki yeyote, hata wewe, unaweza kuichukua kesho ukatunga maneno yako. Sasa kama kitu kimechukuliwa na bado kipo palepale kwa kila mtu, hasara iko wapi?

Linganisha na Mbube ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Aliirekodi 1939, mtunzi anajulikana kwa jina na yuko hai, na Desemba 1961, mwaka uleule wa Dowell, The Lion Sleeps Tonight iliyotokana nayo ikawa namba moja Marekani huku yeye hana kitu, akafa mwaka uliofuata akiwa maskini, familia yake ikaja kupata makubaliano ya malipo 2006. Hapo aliyedhulumiwa unamuona kwa macho. Ukiziweka hizi kesi mbili kapu moja unaipunguzia nguvu ya Linda, na hilo ndo linaloniuma zaidi.

Kwa Wooden Heart kinachodaiwa ni mstari mmoja tu kabla ya yale majina manne, kwamba melodi ni ya jadi ya Waswabia, na kwenye programu za muziki za sasa kuuongeza ni kazi ya dakika chache.