Msimu Haungoji Uchunguzi

Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida, karibu zote kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Desemba. Shauri la unyanyasaji wa kingono likifunguliwa Septemba dhidi ya mchezaji, ni vigumu liishe kabla ya mechi hizo, hata kama chuo hakina nia mbaya. Utaratibu wenyewe ni mrefu.

Kanuni za serikali ya shirikisho ya Marekani za 2020, zinazotekeleza Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zilirudi kutumika baada ya mahakama kuzibatilisha zile za 2024 mnamo Januari 9, 2025. Zinataka mlalamikiwa apewe taarifa ya maandishi mapema, apate nafasi ya kujiandaa kabla ya kuhojiwa. Pande zote mbili hupewa angalau siku 10 za kuusoma ushahidi na kuujibu. Ripoti nayo hutolewa angalau siku 10 kabla ya kikao, ambako mshauri wa kila upande huwahoji mlalamikaji, mlalamikiwa na mashahidi ana kwa ana au kwa video. Kisha kuna rufaa. Kabla ya hizo siku 20 kuna kazi kubwa zaidi: kuwapata mashahidi, ambao wengi wao ni wachezaji walio safarini na timu, kukusanya jumbe za simu, na kuwasubiri polisi waliokiomba chuo kisimame kwanza. Mwongozo wa 2011 ulitaja siku 60 kuwa muda wa kawaida, lakini uliondolewa 2017. Sasa chuo hujipangia muda chenyewe, mradi uwe wa haraka kwa kadiri inavyofaa.

Anayeumia kwanza kwa ucheleweshaji ni mlalamikaji. Mlalamikiwa akihitimu au akihamia chuo kingine, kanuni hizohizo zinakiruhusu chuo kulifuta lalamiko. Yapo pia ya Baylor, chuo kikuu binafsi cha Texas: uchunguzi uliotangazwa Mei 2016 ulikuta watu wa idara ya futiboli wakiendesha uchunguzi wao wenyewe, bila mafunzo na nje ya sera, na kuwafanya walalamikaji waonekane hawaaminiki. Kwa hiyo anayedai mchezaji aondolewe uwanjani mara moja hadai jambo la ajabu. Ameona kinachotokea kocha akiachiwa jalada.

Upande wa pili una uzito wake. Mnamo Desemba 2023, Chuo Kikuu cha Illinois kilimsimamisha mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeshitakiwa katika jimbo jingine. Aliyemsimamisha ni idara ya michezo, kwa sera yake yenyewe. Januari 19, 2024 jaji wa shirikisho aliamuru arudishwe kikosini, akiona kwamba haki yake ya kusikilizwa huenda ilikiukwa. Juni mwaka huohuo mahakama ya jinai ilimwachia huru. Bila amri ile, msimu wake wa mwisho ungekwisha bila yeye, na hakuna rufaa inayorudisha mechi.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa si urefu wa uchunguzi bali kusimamishwa kusiko na tarehe. Kumwondoa mwanafunzi chuoni kwa dharura chini ya Title IX kunahitaji tathmini ya hatari inayomhusu yeye binafsi, na nafasi ya kupinga papo hapo. Kusimamishwa na idara ya michezo mara nyingi hupita mlango mwingine. Ulinzi wa katiba nao unavibana vyuo vya umma tu. Kwenye vyuo binafsi mwanafunzi hutegemea zaidi yaliyoandikwa katika mwongozo wa chuo. Barua ya kusimamishwa itaje tuhuma, hatari inayohofiwa na tarehe ya mapitio, tuseme kila siku 14, na wapitiaji watoke nje ya idara ya michezo. Ombi la polisi la kusubiri liwe la maandishi na lenye ukomo.

Hata hivyo kasi si rafiki wa mchezaji kila mara. Kesi ya jinai ikiwa bado inaendelea, atakachosema chuoni kinaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani, ndiyo maana mawakili wengi humshauri anyamaze. Kanuni za 2020 zinakataza kumtia hatiani kwa sababu tu amekataa kujibu, lakini shauri linaloamuliwa bila maelezo yake lina pengo. Akiomba yeye mwenyewe kuahirisha, ombi liandikwe jaladani kwa jina lake, na mlalamikaji apewe sababu na tarehe mpya kwa maandishi.