Foleni Ndani ya Handaki

Shemeji yangu, mume wa dada, ameishi Sevilla miaka mingi kiasi kwamba akija Dar anapiga picha foleni. Nilipokwenda kuwatembelea akaniambia, "Shem, nitakupeleka mahali utaendesha baiskeli kutwa nzima usione gari hata moja." Mimi ni mtu wa Mbagala. Mtu wa Mbagala ukimwambia kuna barabara haina gari, anauliza kwanza imefungwa kupisha msafara wa nani.

Haikuwa msafara. Wahispania wana reli nyingi zilizokufa, na tangu 1993 wamekuwa wakizigeuza njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Wanaziita Vías Verdes, na leo zote pamoja zinapita kilomita 3,000. Sisi tulikwenda ile ya milima ya Cádiz, Vía Verde de la Sierra, kutoka Olvera hadi Puerto Serrano: kilomita 36, mahandaki 30, madaraja makubwa manne. Reli hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1920, enzi za dikteta Primo de Rivera, ili iunganishe miji ya Jerez na Almargen. Milima ikatobolewa, madaraja yakasimama, stesheni zikaezekwa. Kisha pesa zikakata, mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, na treni haikupita. Hata moja, hata kwa majaribio. Shemeji alinisimulia haya kwa uchungu utadhani alishakata tiketi.

Olvera yenyewe ni mji mweupe ulioparamia kilima, juu kabisa kuna ngome ya Waislamu wa zamani na kanisa kubwa, vinatazamana. Mwaka 1327 mfalme Alfonso XI aliuteka, na kwa kuwa ulikuwa mpakani na hakuna aliyetaka kuhamia, wenye makosa yao waliokubali kwenda kukaa huko walisamehewa. Mpaka leo Wahispania wana usemi: ua mtu, kimbilia Olvera. Nikaucheka, nikausahau. Tukakodi baiskeli, tukavaa zile kaptura za kubana zenye kigodoro makalioni, ambazo mtu mzima akizivaa hana budi kutembea kinyumenyume mbele ya wakwe. Yangu ilikuwa baiskeli ya kawaida. Ya shemeji ilikuwa na kengele ya shaba, ya kizamani, ya kusukuma kwa dole gumba. Akaipiga kumsalimu mwenye duka. Akaipiga kumuaga. Akampigia paka.

"Tochi je?" niliuliza.

"Ulaya hii, shem. Taa zipo."

Na kweli zilikuwepo. Unabonyeza kitufe mlangoni pa handaki, taa zinawaka, unapita kwa raha zako kwenye ubaridi, unatokea upande wa pili kwenye mashamba ya mizeituni na bonde limetulia chini yako. Gari hakuna. Pikipiki hakuna. Mtu wa kukutukana hakuna. Nikaanza kuimba.

Handaki lililotuponza lilikuwa la kupinda, lile ambalo ukiwa katikati huoni ulikotoka wala unakokwenda. Tukabonyeza, taa zikawaka, tukaingia. Baada ya kona tukafunga breki wote wawili. Njia nzima, ukuta hadi ukuta, imejaa mbuzi. Nje jua la mwisho wa Juni lilikuwa linakaanga mawe, nao wakaamua ambavyo yeyote mwenye akili timamu angeamua. Wengine wamelala, wengine wamesimama wanacheua, wote wanatutazama, na hakuna anayeonyesha dalili ya kusogea. Shemeji alishtuka. Mimi wala. Ile niliijua vizuri: ile ilikuwa Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni.

"Tungoje," nikasema.

"Hatungoji. Hawa ukiwaonyesha unyonge umekwisha."

Akachomeka gurudumu la mbele katikati ya mbuzi wawili, akapiga kengele, akasonga. Nami nikachomekea nyuma yake. Tulipofika katikati ya kundi, taa zikazimika. Zile taa zina muda wake. Aliyezipanga alipiga hesabu ya mwendo wa baiskeli, mbuzi hakuwaweka kwenye hesabu.

Giza la handaki usilifananishe na la umeme kukatika. Umeme ukikatika kwetu kuna mwezi, kuna jirani mwenye jenereta la kujionyesha. Pale nilifumba macho, nikayafumbua, sikuona tofauti. Kulikuwa na harufu kali ya beberu, na njuga zao zinalia hapa na pale, na kucheua kutoka kila upande, krap, krap, krap, taratibu, bila haraka.

"Shem?"

"Nipo."

"Washa simu."

"Simu iko kwenye mkoba, kwenye kerea."

"Si uitoe?"

Akanyamaza kidogo. "Kuna mtu anaufungua."

Tukasikiliza. Zipu haikufunguliwa, ilichanika. Kisha tukasikia mikate yetu ikiliwa, mikate miwili mirefu yenye kimanda cha viazi aliyotufungia dada, na baada ya mikate ile karatasi iliyofungiwa.

Nikanyoosha mkono nimshike shemeji bega, tusipotezane. Nikashika ndevu. Ndevu ndefu, nzuri, zenye unyevunyevu. Shemeji hana ndevu. Nikapandisha mkono polepole, kwa adabu, nikakuta pembe. Tangu utoto nimesikia kwenye mikutano ya hadhara kwamba mabeberu wa Ulaya hawafai kuchekewa. Sasa nilikuwa nimemshika mmoja kidevu, gizani, uso kwa uso, na hotuba sina.

Nikapiga kelele. Shemeji akapiga kelele kwa kuwa mimi nimepiga, kisha akakamata kengele yake na kuipiga mfululizo bila kuweka nukta. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mbuzi wa kuchungwa hufuata njuga: yule anayeongoza huvishwa kubwa, wengine wanakwenda na sauti yake. Kengele ya shemeji ilikuwa kubwa kuliko zote mle ndani. Kwa taratibu zao, uongozi ulikuwa umebadilika. Waliolala wakanyanyuka. Nikasikia kwato kwenye changarawe, zote zinaelekea aliko yeye.

"Shem, wanakuja!"

"Acha kengele!"

"Nikiacha watanifikia!"

Akapanda baiskeli gizani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anaparuza ukuta, dole gumba halipumziki. Nikakokota yangu nyuma yake, nikisukumwa matako na pembe nisizoziona. Kona ikaisha, mwanga ukatokea, na nikaona kitu ambacho nitawasimulia wajukuu: shemeji anatoka handakini mbio, kengele inalia, na nyuma yake mbuzi wamejipanga mmoja baada ya mwingine, wamenyooka, wanakwenda mwendo mmoja, wanaingia darajani. Takriban miaka 100 tangu waanze kuijenga, treni ilikuwa imepita. Kichwa shemeji, mabehewa mbuzi, na gadi nyuma kabisa mimi.

Upande wa pili wa daraja walisimama mzee mmoja na mkewe, Waholanzi, na baiskeli zao za mizigo. Wakasimama kwa adabu kupisha. Hawakuonyesha mshangao wowote, nadhani walidhani ndiyo utaratibu wa huko. Shemeji alipoona mbele kuna watu na nyuma kuna mbuzi akafunga breki, na treni nzima ikamjaa mgongoni. Hatukuweza kwenda mbele wala nyuma. Mama wa Kiholanzi akatoa simu akatupiga picha.

Kisha akaja mwenye mbuzi, mzee amevaa kofia ya majani, na mbwa ambaye kwa kumtazama tu ulijua alikuwa amelala kazini. Shemeji akamwaga Kihispania chake chote kwa pumzi moja. Mzee alimwacha amalize. Kisha akaonyesha kengele kwa fimbo, akaonyesha handaki. Shemeji akajifanya hajaelewa. Mzee akapiga mluzi, akamtuma mbwa, mbuzi wakamtazama mbwa kisha wakamtazama shemeji. Hakuna aliyegeuka.

Ikabidi awarudishe yeye.

Kutoka Olvera njia inateremka, maana yake kurudi ni kupanda. Treni haiwezi milima, ndiyo maana wahandisi walitoboa kote huko, na mteremko wake ni mdogo mno, huwezi kuuona kwa macho. Shemeji aliuona. Nilimsikia anapotea ndani ya handaki, kengele kwanza inalia kwa hasira, halafu kwa huzuni, halafu moja moja. Waholanzi wakanigawia tufaha. Tulipolimaliza alikuwa bado.

Aliporudi alikuwa mwekundu, kaptura imezunguka, kigodoro kimehamia pajani. Akaukagua mkoba uliochanika, akanitazama, akasema, "Lakini si nilikwambia hakuna magari?"

Nikageuka kutazama tulikotoka. Olvera haikuwa mbali.

Hatukuongea hadi Zaframagón. Hapo kuna jabali kubwa limesimama peke yake, makazi ya tumbusi wengi sana, na stesheni ya karibu imegeuzwa kituo cha kuelezea habari zao. Shemeji hakutaka kuelezwa. Alijilaza chali pembeni mwa njia, mikono ameitandaza, amefumba macho. Mmoja akatokea juu ya jabali, akazunguka bila kupiga bawa. Akaja wa pili. Walipofika sita nikaona niseme.

"Shem, jitikise kidogo."

"Kwa nini?"

"Wanakupima."

Sijawahi kumwona mtu aliyechoka akiruka kwenye baiskeli namna ile. Mpaka stesheni ya Coripe sikumkaribia. Stesheni ile haikupata abiria wake, lakini ina mgahawa, na siku hiyo ilipata sisi. Mhudumu akatuletea mkate, mizeituni na sahani ya jibini. Shemeji akauliza jibini ya nini. Ya mbuzi, akajibu, wale payoya, wa milima hii hii, na kwa mkono akaonyesha tulikotoka. Shemeji akaitazama sahani kwa muda. Kisha akaila yote, kipande baada ya kipande, bila mkate, jicho limekaza, akaagiza nyingine. Sikumuomba hata kipande.

Sahani ya pili ikiwa tayari, jikoni wakagonga kengele kumwita mhudumu. Shemeji alikuwa ameshasimama, ameshika kiti kwa mikono miwili, anatazama mlangoni.