Tunapanda pamoja, kwa nini tunavuna kila mtu kivyake?

Mwezi wa Mei, hatari ya baridi inapokwisha hapa Des Moines, jimboni Iowa, bustani za jamii hujaa watu. Majembe huazimwa, mbegu hubadilishwa, wazee huonyesha vijana namna ya kuinua tuta, na hata majirani wasiosalimiana mtaani hujikuta wakigawana mbolea. Ifikapo mwisho wa Septemba hali hugeuka. Kila familia huja kwa wakati wake, mara nyingi giza likikaribia, ikachuma inachoweza kubeba kwenye mifuko ya plastiki na kuondoka. Mboga nyingi hubaki shambani, na nyingine hufika nyumbani na kuozea kwenye friji. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya bustani ya jamii ipo katika majuma haya ya vuli, na ni hapo hapo ambapo jamii huwa haipo.

Naandika nikizifikiria zaidi bustani wanazolima watu wetu. Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, wakaishi kwa miongo kadhaa katika kambi za magharibi mwa Tanzania, walianza kupokelewa Marekani kwa wingi karibu na mwaka 2007, na baadaye wakafuatwa na maelfu ya Wakongo. Wengi walikuwa wakulima, na hapa Iowa mpango wa Global Greens wa shirika la Lutheran Services in Iowa ni miongoni mwa mipango iliyowapatia wakimbizi ardhi ya kulima. Ukipita katika viwanja hivyo mwezi Agosti utakuta lenga-lenga, yaani mchicha, matembele, maboga, maharagwe ya kupanda miti, ngai-ngai, yaani rosela, na nyanya chungu ambazo Warundi huziita intore. Kwa macho ni Kigoma au Uvira. Tofauti ni kwamba Kigoma hakuna siku moja katika mwaka inayoua shamba zima kwa usiku mmoja.

Siku hiyo hapa kwa kawaida huangukia nusu ya kwanza ya Oktoba, ingawa kuna miaka ambayo huja mapema zaidi. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, inapoanguka, maji yaliyomo katika majani huganda na kupasua chembe zake, na asubuhi jua likichomoza matembele huwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Lenga-lenga, maharagwe, nyanya, pilipili na nyanya chungu hufa pamoja nayo. Sukuma wiki, kabichi na karoti hustahimili, tena sukuma wiki huwa tamu zaidi baada ya baridi kwa kuwa mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili usigande. Ngai-ngai ina balaa lake la pekee: husubiri siku ziwe fupi ndipo ichanue, kwa hiyo majani yake tunayapata kwa wingi, lakini vile vikonyo vyekundu vya juisi ya rosela mara nyingi hukutwa na jalidi kabla ya kukomaa.

Maana yake ni kwamba mazao ambayo nyumbani yangechumwa kidogo kidogo kwa miezi, hapa yanapaswa kuondolewa shambani katika muda wa juma moja au mawili. Ndipo shida inapoanza. Baba anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama, mama yuko katika ghala la mizigo usiku, watoto wako shule, na utabiri wa hali ya hewa unatangaza jalidi ya Alhamisi. Familia hiyo, hata ikiwa na bidii kiasi gani, haiwezi kuvuna, kuosha, kukatakata na kuhifadhi mavuno ya kiwanja kizima kwa jioni mbili katika jiko la nyumba ya kupanga. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ni dhahiri kwamba hawakuwahi kuona mifuko ya lenga-lenga iliyosahaulika nyuma ya friji kwa siku tisa.

Ninachopendekeza ni kwamba kila bustani ipange siku za kuvuna na kuhifadhi kwa pamoja, na izipange mwezi wa Mei, wakati watu wapo na wana hamasa, badala ya kungoja Oktoba. Makanisa mengi tunayosali yana majiko makubwa yanayokaa bure siku za katikati ya juma, yenye masinki mapana, majiko ya gesi ya midomo sita na meza ndefu. Watu kumi katika jiko la namna hiyo, wawili wakiosha, wanne wakikatakata, wawili wakisimamia sufuria na wawili wakijaza mifuko, humaliza kabla ya chakula cha mchana kazi ambayo ingemchukua mama mmoja juma zima.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa, ila inahitaji nidhamu. Mboga za majani zikiingizwa kwenye friza zikiwa mbichi, vimeng'enya vyake huendelea kufanya kazi polepole hata katika baridi, na baada ya miezi michache hupoteza rangi na ladha. Kwa hiyo huzamishwa kwanza katika maji yanayochemka kwa nguvu, dakika mbili kwa mboga laini na dakika tatu kwa majani magumu ya jamii ya sukuma wiki, kisha hutumbukizwa papo hapo katika maji ya barafu ili zisiendelee kuiva. Baada ya hapo hukamuliwa, hutiwa kwenye mifuko ya friza, hutolewa hewa, hulazwa bapa na kuandikwa tarehe. Zikihifadhiwa hivyo hukaa hadi mavuno mengine yakaribie. Nimeona watu wakiruka hatua ya barafu kwa haraka, na matokeo yake ni mlenda ambao haukukusudiwa.

Wapo wanaouliza kwa nini tusikaushe kama tulivyolelewa. Swali ni la haki, kwa sababu maarifa hayo tunayo. Wagogo wa Dodoma hukausha na kutwanga mlenda ukaliwa wakati wote wa kiangazi, na Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza vikawa matobolwa. Lakini maarifa hayo yalikuzwa chini ya jua la Dodoma na Shinyanga. Kuanika juani kunahitaji joto lisilopungua nyuzi 30 za Selsiasi na hewa kavu, na Oktoba ya Iowa haina hata kimoja kati ya hivyo kwa uhakika, hivyo mboga huota ukungu kabla ya kukauka. Mashine ndogo ya umeme ya kukaushia, ikiwekwa karibu nyuzi 57 hadi 60, hufanya kazi hiyo vizuri. Tena ni aina ya kifaa ambacho si busara kila familia kununua chake, ilhali kimoja au viwili vinatosha bustani nzima.

Viazi vitamu vinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndilo zao linalotupa mavuno mawili kwa siku moja, na ndilo tunaloliharibu zaidi. Matembele yote yachumwe kabla ya jalidi na kupelekwa jikoni siku hiyo hiyo, kisha viazi vichimbwe. Jalidi ikiwahi kuyaunguza majani, mashina yakatwe mara moja, la sivyo uozo hushuka hadi kwenye viazi. Baada ya kuchimbwa havioshwi wala havitiwi kwenye friji, maana baridi iliyo chini ya nyuzi 13 huvidhuru vikawa vigumu katikati na kubadilika ladha. Vinahitaji kwanza joto la takriban nyuzi 29 lenye unyevu mwingi kwa muda wa juma moja hivi, ili majeraha ya jembe yazibe na wanga uanze kugeuka sukari. Nyumba ya mtu mmoja mmoja haina mahali kama hapo Oktoba, lakini chumba kidogo cha kanisa chenye hita na ndoo ya maji hutosha kwa viazi vya familia nyingi. Maboga nayo hukatwa na kikonyo chake kabla ya jalidi kali, hukaa mahali pakavu na penye joto siku kumi hivi, kisha hupelekwa penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, na yakishughulikiwa hivyo hufika Januari.

Maharagwe ni rahisi: yang'olewe na mashina yake, yaning'inizwe chini ya paa hadi punje zisiingie ukucha, yapurwe, kisha yawekwe kwenye friza kwa siku chache ili mayai ya dumuzi yafe, kazi ambayo nyumbani tuliifanya kwa majivu. Nyanya za kijani zitaiva ndani ya nyumba zikiwekwa kwenye boksi pamoja na tofaa lililoiva, lenye kutoa gesi ya ethilini.

Kuhusu kuhifadhi katika chupa za kioo sitakuwa mpole. Mboga za majani, maharagwe na mahindi hazina asidi ya kutosha, na zikifungwa katika chupa baada ya kuchemshwa kwa maji ya kawaida tu, vijidudu vinavyoleta sumu ya botulizimu vinaweza kukua humo bila harufu wala dalili yoyote. Zinahitaji mtambo maalumu wa presha unaofikisha joto la takriban nyuzi 116, na nyanya nazo huongezwa maji ya limau ya chupa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kupitia idara yake ya ugani, hutoa mafunzo ya kazi hii, na bustani ambayo haijampeleka mtu akafunzwe ibaki na friza.

Marekani yenyewe ilikwisha kujifunza jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilihimiza watu walime bustani za nyumbani na za jamii, na inakadiriwa kwamba zilifikia milioni 20 na kutoa karibu asilimia 40 ya mboga mbichi za nchi. Wengi hukumbuka mabango ya kuhimiza kupanda. Hawakumbuki kwamba mgao wa sukari uliongezwa kwa wanaohifadhi matunda, wala kwamba vituo vya jamii vya kuhifadhi chakula vilifunguliwa mijini na vijijini, ambako familia zilifika na mavuno yao na kutumia mitambo ya pamoja. Waliopanga mambo yale walijua kwamba nyanya za Agosti hazimlishi mtu Februari.

Nitaambiwa kwamba dukani mboga ni rahisi, na kwamba saa moja ya ziada kazini hununua spinachi ya juma zima. Spinachi, ndiyo. Lakini lenga-lenga, matembele na intore aghalabu hazipo katika maduka makubwa, na zinapopatikana katika duka la Kiafrika huwa zimegandishwa, zimesafiri mbali, na bei yake inaumiza. Sombe, yaani kisamvu, hatuna budi kuinunua hivyo, kwa sababu mihogo haina nafasi ya kukomaa hapa. Sioni sababu ya kununua kwa bei hiyo hata kile kilichoota mikononi mwetu.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: aliyepalilia vizuri atajiona anamfanyia kazi mvivu. Silidharau, maana vikundi vingi vimevunjika kwa jambo hili. Jibu langu ni mizani. Kila familia ipime inacholeta jikoni na iondoke na mifuko kwa kadiri hiyo, kasoro sehemu ndogo iliyokubaliwa mapema kwa ajili ya wagonjwa, wajawazito na wazee wasioweza kulima. Anayeleta kidogo lakini akashinda siku nzima kwenye sufuria apewe pia, kwani naye amevuna. Kinachozidi kipelekwe kwenye vituo vya chakula cha msaada, na asiogope mtu kushtakiwa, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inawalinda wanaotoa chakula kwa nia njema.

Hata mbegu zinataka makubaliano. Lenga-lenga na maharagwe hazisumbui, na nyanya chungu huachwa hadi ziwe nyekundu kabisa ndipo mbegu zitolewe. Maboga ni kesi nyingine, kwa sababu nyuki hawajui mpaka wa kiwanja. Boga lako likichavushwa na kibuyu cha mapambo cha jirani, tunda la mwaka huu litakuwa sawa, lakini mbegu zake mwakani zinaweza kuzaa maboga machungu yenye sumu ya kuumiza tumbo. Familia moja ipewe jukumu la mbegu za maboga kwa niaba ya wote, iyafunge maua machache kwa uzi jioni kabla hayajachanua na kuyachavusha kwa mkono asubuhi.

Linabaki suala la wenye kusimamia bustani hizi. Nyingi hutaka viwanja vyote viwe vimesafishwa kufikia tarehe fulani ya Oktoba ili trekta lipite, na masika hugawa viwanja upya. Utaratibu huo unarahisisha kazi ya ofisi, lakini unang'oa sukuma wiki wakati inapoanza kuwa tamu, na unazuia kabisa kitunguu saumu, ambacho hapa hupandwa Oktoba, hulala chini ya majani makavu majira yote ya baridi na kuvunwa Julai. Naomba mambo mawili: theluthi moja ya kila bustani isilimwe na trekta hadi masika, na mkulima anayetunza kiwanja chake ahakikishiwe mwezi Septemba, kwa maandishi, kwamba atakirudia mwakani.