Kaisha, hajaisha: ubishi wa Green Bay

Nilitua Green Bay, Wisconsin, Januari 2008, wiki moja hivi kabla ya ile mechi. Sikujua kama kuna mechi. Nilichojua ni kwamba kuna baridi, na kwamba Jumapili ile jioni mtaa mzima ulikuwa kimya utadhani kuna msiba, huku kila dirisha likimulika mwanga wa televisheni. Mwenyeji wangu, mtu wa Kigoma aliyenitangulia miaka sita, alinisogezea kiti.

"Kaa hapa, mdogo wangu. Kama unataka kuishi mji huu, huyu mtu lazima umjue."

Mtu mwenyewe alikuwa Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay Packers, timu ya mji huo ya mpira wa Marekani. Miaka 38, ndevu zimeanza mvi, anapumua moshi kama sufuria. Nje pale uwanja wa Lambeau ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Shemeji, mke wa mwenyeji wangu, alikuwa amevaa jezi namba 4 juu ya dera, ugali unamsubiri jikoni wala haendi. Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Favre akarusha, beki wa New York Giants aitwaye Corey Webster akaidaka, Giants wakapiga mpira katikati ya milingoti, 23 kwa 20, basi. Kutoka pale hadi Super Bowl, fainali ya ligi, ilikuwa imebaki hatua moja tu.

Kaka, yule mwenyeji wangu, hakuzima hata televisheni. "Kaisha," akasema.

Shemeji, tayari yuko jikoni: "Hajaisha. Ni baridi."

Huo ubishi nimeishi nao mpaka leo.

Kwa asiyeujua mpira wa Marekani, kwotabeki ndiye anayeanza na mpira karibu kila shambulizi. Anatazama nani kaachia nafasi, anaamua amrushie nani, na ana kama sekunde tatu kabla majitu ya kilo 130 hayajamwangukia. Anayecheza ni mmoja. Kwenye soka, washambuliaji wawili mnaweza kuwapanga pamoja, au mmoja akaingia dakika ya 60, kila mtu akaridhika. Kwa kwotabeki hilo halipo: wa pili anasugua benchi mwaka mzima na kibao chake cha kuandikia pasi za mwenzake. Ndiyo maana mabishano juu ya kwotabeki mkongwe na kinda wake ni makali kuliko ya nafasi nyingine yoyote. Hakuna pa kukutania katikati.

Na Green Bay si mji wa kawaida kwa ubishi huu. Ni mji wa watu laki moja na kidogo, wenye timu ya ligi kuu inayomilikiwa na mashabiki wenyewe. Wana hisa ni zaidi ya nusu milioni, hisa zisizolipa gawio hata senti, lakini watu wanazitundika sebuleni kama vyeti vya ndoa. Jina lenyewe, Packers, linatokana na kampuni ya kufungasha nyama iliyowapa fedha za jezi mwaka 1919. Mimi pia nilikuja kufungasha nyama, zamu ya usiku, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kuchangia mada.

Favre waliletewa 1992 kutoka Atlanta, kijana ambaye huko walimwona mlevi wa raha asiye na mpango. Septemba mwaka huo kwotabeki wa kwanza, Don Majkowski, akaumia kifundo cha mguu, Favre akaingia, na zikiwa zimebaki sekunde 13 akarusha pasi ya ushindi. Wiki iliyofuata akaanza. Hakukosa kuanza mechi tena hadi Desemba 2010: mechi 297 za ligi mfululizo, kavunjika kidole gumba, kafiwa na baba, anacheza. Mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, na Super Bowl ya Januari 1997 juu. Baba yake alipofariki Desemba 2003, kesho yake usiku alicheza dhidi ya Oakland akarusha yadi 399. Ukimsikia mzee wa Wisconsin akisimulia usiku ule, usimkatize.

Sasa, 2005 timu ikamchukua kwotabeki kinda, Aaron Rodgers. Siku ile ya timu kuchagua vijana kutoka vyuoni, Rodgers alikaa New York mbele ya kamera kwa saa kadhaa akisubiri jina lake. San Francisco, timu aliyoishangilia tangu utoto, ilikuwa na nafasi ya kwanza kabisa na ikamchukua mwingine. Zamu ya 24 ndipo Green Bay wakamwita. Akaenda kusugua benchi miaka mitatu nyuma ya mtu ambaye kila kiangazi alikuwa akitafakari kama astaafu au arudi, na ambaye hakuficha kwamba kazi yake ni kushinda mechi, si kulea mrithi.

Machi 2008 Favre akatundika daluga, akilia mbele ya waandishi. Shemeji naye akalia. Julai akasema amebadili mawazo.

Kiangazi kile sitakisahau. Meneja mkuu, Ted Thompson, mzee mkimya ambaye ukimwuliza saa ngapi atafikiri kwanza, akakaa kwenye msimamo wake: tumeshampa kijana timu. Mashabiki wakaandamana. Ikaripotiwa kwamba klabu ilikuwa tayari kumlipa Favre hadi dola milioni 20 za kazi ya matangazo ili aendelee kustaafu, yaani alipwe ili akae nyumbani. Jambo lile lilikuwa la aibu, na hapo nawalaumu. Ukitaka kumwambia mzee nafasi yake imekwenda, mwambie hivyo, usimtumie bahasha.

Mchana, kabla ya zamu yangu, nilikuwa nikienda kutazama mazoezi. Wana desturi moja nzuri sana pale: watoto huja na baiskeli zao, na wachezaji huzipanda kutoka uwanjani hadi kiwanja cha mazoezi, ng'ambo ya barabara. Unaliona dume la mita moja na tisini juu ya kibaiskeli cha pinki, magoti yanagusa kidevu, mtoto anakimbia pembeni amebeba helmeti. Watu wanacheka, wanapiga picha. Siku moja Rodgers akapita hivyo hivyo, na nyuma yangu mtu mzima, mwenye wajukuu, akampigia kelele kwamba tunamtaka Brett. Kijana akatazama mbele, akakanyaga pedeli.

Agosti 3, kwenye mazoezi ya usiku wanayofungulia familia, alizomewa na maelfu ndani ya uwanja wake mwenyewe, na jioni ileile ndege ya Favre ikatua mjini. Nami nilizomea. Sikuwa na sababu. Sikuwa nimewahi kumwona akicheza hata robo ya mechi. Nilifuata mkumbo, na shemeji alikuwa pembeni yangu na jezi yake. Siku chache baadaye Favre akauzwa New York Jets.

Turudi mezani kwa kaka. Hoja yake ilikuwa moja: kaisha, umri huo, ile pasi ya Giants tumeiona wote. Hoja ya shemeji nayo moja: hajaisha, katufikisha hatua moja kabla ya fainali, huyo mtoto kafanya nini? Wote wawili walikuwa wakijibu swali la nani bora Jumapili ijayo, na kwa swali hilo nasema leo, shemeji alikuwa na hoja nzito zaidi. Rodgers alimaliza msimu wake wa kwanza kwa kushinda 6 na kupoteza 10. Kaka alikuwa akila kimya.

Ila swali la Thompson lilikuwa jingine, na hili nililielewa kazini kabla sijalielewa kwenye mpira. Nyama ukiiweka kwenye friza inakusubiri. Utaikuta miezi mingi baadaye, ileile. Kijana kwenye benchi hasubiri hivyo. Mkataba wake unakwisha, miguu yake inazeeka bila kutumika, na akichoka kusubiri anaondoka na yote uliyomfundisha. Makocha walikuwa wamemwona mazoezini kila siku kwa miaka mitatu. Sisi tulimwona juu ya baiskeli. Ukimngoja mkongwe aishe kabisa ndipo umwachie kinda, utakuwa umewapoteza wote wawili. Ni lazima umtoe mkongwe angali anaweza, na hapo hakuna namna shabiki atakuelewa, kwa sababu ushahidi wote anaouona kwa macho uko upande wa mkongwe.

Kwamba angali anaweza, Favre alituonyesha wenyewe. Mwaka mmoja na Jets, kisha 2009 akasaini Minnesota Vikings. Kwa msomaji wa Dar: piga picha nahodha wa Yanga anaonekana Msimbazi na jezi nyekundu, anatabasamu. Alitimiza miaka 40 msimu huo, akarusha pasi 33 za mabao, zilizonaswa 7 tu, msimu wake safi kuliko mingi aliyocheza kwetu. Akatufunga kwao, 30 kwa 23. Akaja Lambeau akatufunga tena, 38 kwa 26, watu wakimzomea kwa sauti ileile waliyokuwa wamemzomea nayo Rodgers.

Shemeji alishinda ubishi siku ambayo hakutaka kuushinda. Kaka, mtu wa haki, akamwambia, "Ulisema kweli mke wangu, hajaisha." Akajibiwa kwa kimya. Kesho yake nikaikuta jezi namba 4 gereji, imekuwa tambara la kufutia mafuta ya gari.

Vikings wale walifika hatua ileile, nusu fainali ya mwisho, kule New Orleans Januari 2010. Wako karibu kabisa na eneo la kupiga mpira wa ushindi, Favre anakimbilia kulia, anarusha kinyume, katikati ya uwanja, na Tracy Porter anainasa. Wakafungwa muda wa nyongeza. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, Rodgers akaichukua Super Bowl dhidi ya Pittsburgh, 31 kwa 25, na yeye akawa mchezaji bora wa mechi. Mji mzima ukasema ulijua tangu mwanzo. Nilimtafuta kwa macho yule mzee wa wajukuu kwenye mapokezi, sikumwona. Pengine naye alikuwa akisema hivyohivyo mahali fulani.

Unaweza kudhani watu walijifunza. Aprili 2020 klabu ikapanda nafasi ili kumchukua Jordan Love wa Utah State, zamu ya 26. Rodgers alikuwa na miaka 36. Hali ileile, viti vilevile, ila sasa yule kinda aliyezomewa ndiye mzee, na waliomzomea ndio wanaomtetea. "Wangemletea wa kupokea pasi!" Kaka naye, msemaji wa kaisha wa 2008, akawa wakili wa mkongwe. Rodgers akajibu kwa tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi, 2020 na 2021, Love anasugua benchi miaka mitatu. Kisha 2023 Rodgers akauzwa, na angalia ajabu hii, New York Jets, walewale. Akacheza mashambulizi manne tu ya mechi ya kwanza, kano ya kisigino ikakatika.

Mimi siku hizo sikuzomea mtu. Love alianza kwa kushinda 2 na kupoteza 5, na kila mtu kazini ana hukumu yake. Niliambiwa nimekuwa mpole kwa sababu sielewi mpira. Sawa. Akamaliza 9 kwa 8, akaenda Dallas kwenye mtoano akawapiga Cowboys 48 kwa 32 mbele ya watu wao.

Wiki iliyofuata ilikuwa San Francisco. Tarehe 20 Januari 2024, miaka 16 kamili, tarehe kwa tarehe, tangu usiku ule wa Giants. Kaka ana nyumba yake sasa, kiti changu ni kilekile. Shemeji ana jezi mpya namba 4. Aliinunua 2015, mwaka ambao klabu iliistaafisha namba hiyo na watu zaidi ya 60,000 wakajaza Lambeau kumsamehe Favre. Tunafungwa 24 kwa 21, imebaki chini ya dakika moja, mpira ni wetu. Love anakimbilia kulia, anazuiwa, na badala ya kuutupa nje, anageuza mwili, anarusha kinyume, katikati kabisa ya uwanja, penye jezi nyekundu tupu. Dre Greenlaw akainasa.

Kaka akashika kichwa. Shemeji akawa wa kwanza kucheka, kicheko cha mtu aliyemwona jamaa yake wa zamani akipita barabarani, akanigeukia huku ananyoosha kidole kwenye televisheni.

"Shemeji, si niliwaambia hajaisha?"